Klasta ndogo ya utafiti Dar es Salaam: memori na umeme kwanza, idadi ya viini baadaye

Kikundi chetu cha utafiti kimepata fedha za kununua klasta ndogo ya kompyuta, yaani seva kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja, nami nimepewa jukumu la kuandika vigezo vya kiufundi vitakavyoingia kwenye zabuni. Kazi zitakazoendeshwa humo ni za aina mbili: modeli ya hali ya hewa ya WRF, ambayo wenzetu wanaitumia kuchunguza mvua za masika na vuli katika ukanda wa pwani, na uchambuzi wa jenomu za vimelea vya malaria. Tangu rasimu ianze kuzunguka, wenzangu wa idara nyingine wamekuwa wakiniuliza kwa nini nimeomba seva chache zenye prosesa za viini 32 (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu) wakati sokoni zipo za viini 96, na kwa nini karibu nusu ya waraka inazungumzia viyoyozi na betri. Naziandika sababu zangu hapa kwa kirefu, kwa sababu naamini taasisi nyingi za hapa nchini zitakutana na maswali hayo hayo, na fedha za utafiti zinapopatikana hazistahili kuishia kwenye mashine zinazosubiri.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Nilichukua kazi moja halisi ya WRF, nikaiendesha kwenye seva ya zamani ya idara kwa kiini 1, kisha viini 2, 4, 8, 16 na hatimaye vyote, huku nikilinganisha muda unaotumika kwa kila hatua ya modeli. WRF huuandika muda huo yenyewe kwenye faili zake za kumbukumbu, mstari kwa mstari, kwa hiyo hakuna haja ya programu nyingine ya kupimia. Mwanzoni muda ulipungua karibu nusu kila nilipozidisha viini mara mbili. Baadaye faida ikaanza kupungua, na hatua ya mwisho haikuongeza kitu cha maana. Kinachowapotosha wengi ni kwamba wakati huo huo amri ya top ya Linux, ya kuangalia matumizi ya prosesa, inaonyesha kila kiini kikifanya kazi kwa asilimia 100. Kiini kinachosubiri data itoke kwenye memori huhesabiwa na mfumo endeshi kuwa kiko kazini, hivyo mtu anayeangalia asilimia hizo peke yake atahitimisha kwamba anahitaji viini zaidi, ilhali anachokihitaji ni memori yenye kasi zaidi.

WRF, kama modeli nyingi za hewa na za bahari, hupita juu ya gridi kubwa ya namba, huchukua thamani chache, huzifanyia hesabu fupi na kuzirudisha. Hesabu yenyewe ni ndogo ikilinganishwa na data inayosafirishwa. Ndiyo maana swali linaloamua kasi ni hili: prosesa inaweza kupokea gigabaiti ngapi kwa sekunde kutoka kwenye memori, na kila kiini kinapata mgawo gani? Chukua prosesa za AMD EPYC za familia ya 9004, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2022. Kila prosesa ina chaneli 12, yaani njia za data, za memori ya kizazi cha DDR5 yenye kasi ya 4800, na kila chaneli hupitisha baiti 8 kwa mpigo, mara milioni 4,800 kwa sekunde, yaani gigabaiti 38.4. Chaneli zote 12 kwa pamoja hufikisha gigabaiti 460.8 kwa sekunde. Ukinunua prosesa ya viini 32, kila kiini kinapata mgawo wa gigabaiti 14.4, ukinunua ya viini 96 katika familia ile ile, mgawo unashuka hadi gigabaiti 4.8, kwa sababu chaneli zimebaki zile zile. Ni sawa na kuongeza makuli bandarini bila kuongeza gati: watu wataongezeka, lakini shehena itatoka kwa mwendo ule ule, na mishahara italipwa yote.

Anayedhani hili ni tatizo la vikundi vidogo kama chetu aiangalie Fugaku, kompyuta kuu ya Kobe, Japani, ambayo iliongoza orodha ya TOP500 ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani kuanzia mwaka 2020. Kwa jaribio la LINPACK, linalopendelea ukokotoaji mtupu, ilifikia petaflopu 442 (petaflopu 1 ni hesabu milioni bilioni kwa sekunde); kwa jaribio la HPCG, linalofanana zaidi na kazi zinazotegemea memori, ilipata petaflopu 16. Na hiyo ni mashine iliyopewa makusudi memori ya kasi kubwa sana, iliyofungwa pamoja na prosesa kwenye kifurushi kimoja. Kwa hiyo namba ya flopu inayoandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji haiwezi kumsaidia mtu wa hali ya hewa kuchagua seva.

Hapa ndipo profoma zinapohitaji kusomwa mstari kwa mstari. Mzabuni mmoja alituletea pendekezo la seva ambayo kila prosesa imewekewa vipande 4 vya RAM, yaani memori, vya gigabaiti 64, jumla gigabaiti 256 kwa prosesa. Nilipomuuliza kuhusu sloti zilizobaki wazi alinijibu kwa upole, "Dokta, hizo nafasi nyingine mtazijaza baadaye bajeti ikiruhusu." Ushauri huo unafaa kwa seva ya barua pepe au ya hifadhidata ndogo. Kwa WRF ni hasara ya siku ya kwanza, kwa sababu vipande 4 vinatumia chaneli 4 tu, na gigabaiti 460.8 kwa sekunde zinageuka kuwa 153.6. Vipande 12 vya gigabaiti 16 vinatoa memori pungufu, gigabaiti 192 kwa prosesa, lakini njia zote zinakuwa wazi. Nimeandika kwenye vigezo kwamba kila chaneli lazima iwe na kipande kimoja, vyote vya ukubwa mmoja na kasi moja, na kwamba RAM iwe ya ECC, ile inayogundua na kusahihisha biti iliyogeuka. Kwa kazi inayoendeshwa siku nzima au zaidi kisha matokeo yake yakaingia kwenye makala ya kisayansi, sioni namna ya kuitetea memori isiyo na kinga hiyo.

Upande wa jenomu hali ni tofauti, na haki itendeke. Jenomu ya Plasmodium falciparum ni ndogo, takribani jozi besi (herufi za DNA) milioni 23 katika kromosomu 14, na kila sampuli huchambuliwa peke yake bila kuzungumza na jirani yake. Kazi ya namna hii hunufaika na viini vingi, na wenzetu wa maabara walikuwa na haki ya kuvidai. Hata hivyo, tulipofuatilia kazi yao hatua kwa hatua tuliona kwamba mara nyingi foleni inaanzia kwenye diski, pale sampuli nyingi zinaposomwa kwa pamoja kutoka kwenye hifadhi moja inayopitia mtandao. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila seva ya ukokotoaji iwe na SSD yake ya NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, kwa ajili ya faili za muda, sampuli inakiliwa humo kwanza, inachambuliwa, na matokeo pekee ndiyo yanayorudi kwenye hifadhi kuu. Hifadhi hiyo itakuwa ya diski za kawaida za kuzunguka, zilizopangwa kwa ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili, ili ziweze kupoteza diski mbili bila kupoteza data, pamoja na nakala katika jengo jingine. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu diski. Ni eneo ambalo ushauri umetulia.

Kuhusu idadi ya seva, mawazo ya wengi bado yanatoka enzi za klasta za Beowulf. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa Ethaneti, mtandao wa kawaida wa nyaya, na kuonyesha kwamba maabara ndogo inaweza kujitengenezea uwezo wa kukokotoa. Wakati huo kompyuta moja ilikuwa dhaifu, na nguvu ilitoka kwenye wingi. Leo seva moja yenye prosesa mbili za viini 32 inabeba viini 64, na kazi nyingi za kikundi kama chetu zinatosha ndani ya seva hiyo bila kuugusa mtandao kabisa. Ndiyo maana nimeomba seva 3 za ukokotoaji na 1 ya usimamizi na hifadhi. Kazi ya WRF ikitandazwa juu ya seva zaidi ya moja, kila hatua ya modeli inalazimu vipande vya gridi kubadilishana mipaka yao, na ujumbe mdogo mdogo mwingi huumizwa zaidi na ucheleweshaji kuliko na upana wa njia. Ethaneti ya gigabiti 1 huchelewesha ujumbe kwa makumi ya mikrosekunde, wakati InfiniBand, mtandao maalumu wa klasta, hukaa karibu na mikrosekunde 1 au 2. Kwa seva 3 gharama ya kadi za InfiniBand na swichi ndogo inavumilika, nayo nimeiweka. Lakini kama fedha zingepungua, hicho ndicho kipengele ambacho ningekikata kwanza na kurudi kwenye Ethaneti ya gigabiti 25, kabla sijagusa hata kipande kimoja cha memori.

Sasa umeme na joto, jambo ambalo katika jiji hili linaamua ukubwa wa klasta kabla hata bajeti haijaamua. Seva moja ya aina niliyoieleza, prosesa zake mbili zikiwa za wati 280 kila moja, ukijumlisha RAM, feni na diski, nimeikadiria kuwa wati 900 ikiwa kazini. Seva 3 ni kilowati 2.7, pamoja na hifadhi na swichi tunafika kilowati 3.3. Kwa mwendo wa saa 24 hizo ni uniti 79 kwa siku, na viyoyozi vinasukuma jumla kupita uniti 100. Anayetaka kujua maana yake kwa mwezi achukue bei ya uniti kwenye risiti yake ya mwisho ya Luku akaizidishe, kisha amwonyeshe mkuu wa idara namba hiyo kabla ya kusaini chochote, kwa kuwa fedha za mradi hununua vifaa lakini bili ya umeme hubaki kuwa ya taasisi muda mrefu baada ya mradi kufungwa.

Kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto. Kilowati 1 ni BTU 3,412 kwa saa, kwa hiyo mzigo wetu unadai takribani BTU 11,260. Kwenye karatasi kiyoyozi cha 12,000 kinatosha. Kwa kweli hakitoshi, kwani kinabaki bila akiba yoyote mchana wa Februari wakati ukuta wa magharibi umepigwa jua tangu adhuhuri, na kikiharibika hakuna wa kukipokea. Tumeomba viyoyozi viwili vya BTU 18,000, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuubeba mzigo peke yake, vikipokezana. Tumetaka pia viwe vya aina inayojiwasha vyenyewe umeme unaporudi, sifa ambayo haipo kwenye kila kiyoyozi cha nyumbani na ambayo muuzaji hataitaja usipomuuliza.

Naomba msomaji anivumilie kwenye hesabu moja, kwa sababu imebadilisha namna ninavyofikiri kuhusu betri. Chumba tulichopewa kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3: mita za ujazo 36 za hewa, ambazo uzito wake ni kilo 43 hivi. Hewa hiyo huhitaji takribani kilojuli 43 kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Mzigo wa kilowati 3.3 hutoa joto hilo kwa sekunde 13. Kuta na vyuma hunyonya sehemu yake, kwa hiyo kasi halisi ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado tunazungumzia dakika, wala si saa. Seva nyingi zimeundwa kuvuta hewa isiyozidi nyuzi 35. Umeme ukikatika, UPS, yaani kifaa cha betri, inazibeba seva, lakini viyoyozi vinazimika kwa sababu hakuna anayevifunga kwenye UPS ya ukubwa huu. Kwa hiyo betri ya kudumu saa nzima, ambayo wauzaji huisifia sana, ingekuwa inazilisha seva umeme ndani ya chumba kinachogeuka tanuri. Nimeomba UPS ya mtandaoni, ile inayogeuza umeme mara mbili muda wote ili seva isione kushuka na kupanda kwa volti, ya kVA 6, na nimetaka uwezo wake utajwe kwa wati pia, maana kVA na wati si kitu kimoja. Muda wa betri nilioutaka ni dakika 10. Zinatosha jenereta kuwaka na viyoyozi kurudi; jenereta isipowaka, programu inasimamisha kazi na kuzima seva kwa utaratibu.

Kurudi kwa umeme nako kuna kanuni yake. Vigezo vinataka seva zisijiwashe zenyewe. Seva ya usimamizi inawaka kwanza, inasoma kipimajoto cha chumba, na inaziwasha nyingine moja baada ya nyingine pale tu joto linapokuwa chini ya nyuzi 27. Haya yote hufanyika kupitia kadi ya usimamizi wa mbali iliyomo ndani ya kila seva, na ni lazima vigezo vitamke kwamba leseni yake kamili imejumuishwa kwenye bei, kwani baadhi ya watengenezaji huiuza kando. Kwa mtu anayeishi Tegeta au Mbagala, uwezo wa kuiona skrini ya seva na kuizima kutoka nyumbani usiku una thamani kubwa kuliko viini vichache vya ziada.

Nimeweka joto la chumba kuwa nyuzi 24 au 25, jambo lililowashangaza waliozoea vyumba vya seva vyenye baridi ya kuvalia sweta. Kiwango kinachopendekezwa na ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, kwa hewa inayoingia kwenye seva ni nyuzi 18 hadi 27, hivyo tumo ndani yake. Lipo na la pili linalotuhusu sisi wa pwani: miezi ya joto hewa ya nje ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi kiasi kwamba huanza kutoa umande kwenye chuma chenye nyuzi 24 hivi. Chumba cha nyuzi 18 mlango wake ukiachwa wazi, hewa hiyo itakutana na vyuma baridi na kuacha maji juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wazo la kufungua madirisha usiku ili kuokoa umeme. Fundi wa viyoyozi aliyekuja kukagua chumba alitufungulia kifaa cha nje cha ofisi ya jirani, akapitisha kidole kwenye mapezi ya alumini, na mapezi yakamomonyoka kama unga mweupe. Chumvi ya bahari imeyala. Hewa iliyofanya hivyo haipaswi kupita juu ya bodi mama.

Suala la vifaa vya mtumba na vya msaada linakuja kila mara, tena kwa nia njema. Ranger, kompyuta kuu ya Texas iliyoanza kazi mwaka 2008 na kuzimwa mwaka 2013, ilivunjwa na baadhi ya makabati yake kusafirishwa hadi Cape Town ili yagawanywe kwa taasisi za Afrika, na naheshimu kazi ya kufundisha watu iliyojengwa juu ya msaada wa aina hiyo. Kwa kufundishia Linux, Slurm (programu ya kupanga foleni ya kazi) na MPI (njia ya programu kuwasiliana kati ya seva) ningepokea seva za zamani kesho asubuhi. Kwa utafiti wa kila siku hesabu inakataa. Prosesa ya Xeon E5 ya toleo la tatu, ya mwaka 2014, ina chaneli 4 za DDR4 ya 2133, yaani gigabaiti 68 kwa sekunde. Zinahitajika karibu 7 ili kuifikia prosesa moja ya EPYC niliyoitaja, na zote 7 zinakula umeme na kutoa joto ndani ya chumba kile kile cha mita 4 kwa 3.

Kadi za GPU, yaani prosesa za michoro zinazotumika pia kwa ukokotoaji, tumeziacha kwa sasa. WRF tunayoitumia haizihitaji, na kadi za michezo kama RTX 4090, ambazo vijana wengi huzipendekeza kwa sababu ya bei, hukokotoa kwa usahihi maradufu (namba za biti 64) kwa kasi ya sehemu 1 kati ya 64 ya kasi yao ya kawaida. Kazi za kujifunza kwa mashine zikianza rasmi, seva moja tuliyoiomba ina nafasi na usambazaji wa umeme wa kubeba kadi mbili.

Kuhusu dhamana, miaka 5 iliyoandikwa kwenye karatasi haina maana kama kipuri lazima kirudishwe kiwandani nje ya nchi na kupita tena forodhani. Tumemtaka mzabuni ataje ni nani atakayekuja na kipuri hapa jijini na ndani ya siku ngapi, na tumeomba akiba yetu wenyewe: pawasaplai moja, feni za seti moja, diski mbili na vipande viwili vya RAM, vyote kwenye hati moja na seva ili visije vikahitaji zabuni nyingine.

Makabidhiano yatafanyika chumbani humo humo, viyoyozi na UPS vikiwa vimefungwa. Tutaendesha STREAM, jaribio la John McCalpin la kupima kasi ya memori, kwenye kila seva, na seva itakayopishana na wenzake kwa kiasi kinachoonekana itafunguliwa kukaguliwa vipande vya RAM. Mara nyingi utakuta kimoja hakikukaa sawasawa baada ya safari. Kisha LINPACK itakimbia kwenye seva zote kwa saa 48 mfululizo, kiyoyozi kimoja kikiwa kimezimwa makusudi, na katikati ya jaribio tutakata umeme kwenye swichi kuu tuone kama zile dakika 10 zinatosha. Malipo ya mwisho yatatoka baada ya matokeo hayo kusainiwa na pande zote mbili.